Mwongozo kamili: kutunza wateja msimu wa sikukuu, kwa fundi cherehani na yeyote anayeishi kwa oda

Watu wakisikia kutunza wateja sikukuu wanawaza kalenda, ofa na meseji za heri ya Krismasi zenye maua maua. Mimi nasema hivyo vyote ni vya mwisho kabisa. Kwenye biashara ya oda (cherehani ndo naitumia humu kama mfano, ila hata anayeoka keki, anayesuka au anayetengeneza sofa atajiona) mteja anaondoka kwa sababu moja tu, tarehe. Mama kaleta kitenge tarehe 5 Desemba, kaambiwa njoo tarehe 18, tarehe 18 anaambiwa kesho, kesho yake simu ya fundi haipatikani, tarehe 21 alfajiri basi la Moshi linaondoka na kitenge bado kiko kwenye mfuko juu ya kabati hakijakatwa hata. Huyo mama hata hagombani na wewe. Anahama kimyakimya, na kikoba chake chote (wenzake wa kikundi cha kuweka hela) anahama nacho.

Kwa hiyo mwongozo huu karibu wote unahusu jinsi ya kutoa tarehe ambayo utaiweza, na nini cha kufanya ikikushinda. Nimeupanga kuanzia Oktoba mpaka Januari.

Hatua ya 1: Oktoba, fungua daftari

Chukua daftari lako la oda la mwaka jana na simu yako. Andika majina ya wote walioshona kwako kuanzia Novemba mpaka Januari iliyopita, namba zao, walishona nini, walilipaje. Kama hukuwa na daftari basi pita kwenye meseji za malipo, majina yamo humo.

Halafu watenge mafungu. Usiwatenge kwa pesa peke yake. Wa kwanza ni wale wanaokuja mwaka mzima, hata kupunguza suruali analeta kwako. Wa pili wanaokuja sikukuu kwa sikukuu. Wa tatu ni wale wa kundi, yaani mama mmoja anayekuja na sare ya familia nzima au ya kikoba, huyu muandike peke yake na nyota juu, manake ukimpata yeye umepata watu 15 na ukimuudhi yeye umewaudhi 15. Vikoba vingi vinagawana hela Desemba, muulize mapema tu "mama, mwaka huu mnavunja lini?" Hiyo tarehe ndo siku atakayokuja na hela, na ndo siku atakayokuja na haraka pia.

Kwenye WhatsApp Business unaweza kuwawekea lebo hawa watu, ukaacha kuhangaika kutafuta jina. Orodha ya kutuma meseji kwa pamoja (ile brodikasti) moja inabeba watu 256, ila kuna kitu wengi hawakijui: meseji inamfikia tu yule aliyesevu namba yako. Mtu hajakusevu, haipati, na wewe unabaki unasema wateja wamenikaushia. Kwa hiyo kila mteja akija dukani mwambie asevu namba pale pale, muangalie anavyoandika.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mikono yako

Hii hatua watu wanairuka na ndo yenye kesi zote.

Tuseme una vyerehani viwili na kila fundi anamaliza magauni mawili ya kawaida kwa siku. Hizo ni nguo 4 kwa siku, siku 6 ni 24 kwa wiki, wiki tano ni 120. Sasa 120 usiiamini hata kidogo. Kuna umeme kukatika, kuna msiba, kuna fundi wako mwenyewe naye anataka kwenda kwao, kuna nguo zinazorudi kupunguzwa kiuno. Toa robo. Umebaki na 90. Hizo 90 ndo nguo zako za msimu, ukipokea ya 91 ujue umeanza kuuza uongo.

Kwenye hizo 90 ficha 30 za wale wa fungu la kwanza. Unawajua, wanachelewa kuja kila mwaka na kila mwaka wanategemea utawapokea. Usiwaambie umewawekea nafasi, we weka tu. Zilizobaki 60 ndo za yeyote anayepita barabarani.

Ukishajaza, funga oda. Andika kwenye karatasi ubandike mlangoni, "Oda za Krismasi zimejaa, tunapokea za Januari". Najua inauma kurudisha hela mlangoni. Lakini mteja uliyemwambia "mama mwaka huu nimejaa, sitaki kukudanganya" anarudi Februari bila kinyongo, uliyemla advansi ukamkosesha nguo harudi.

Hatua ya 3: Mwanzoni mwa Novemba waambie wa zamani kwanza

Kabla hujaposti status wala Instagram, tuma kwa wateja wa zamani. Wape kama wiki moja peke yao. Hapo ndo mtu anaona kweli wewe unamjali, kuliko punguzo la buku mbili.

Meseji iwe na jina lake na iwe fupi. Mfano:

"Dada Rehema habari za kazi. Ni fundi wako wa pale karibu na soko. Oda za Krismasi nafungua kwa wote Jumatatu ijayo, nimeona nikwambie wewe mapema uchague siku. Vipimo vyako vya mwaka jana ninavyo, kama mwili haujabadilika sana leta kitambaa tu. Bei ya gauni ni ileile, lenye bitana limepanda kwa sababu bitana imepanda."

Angalia kilichomo: amejua ni nani, amejua lini, amejua bei, amejua hana haja ya kupimwa upya. Mtu mzima muanze na shikamoo, tena usimtumie brodikasti, mpigie. Wamama wengi wa makamo wanakasirika kutumiwa meseji ya jumla kama tangazo la bando.

Na suala la bei lisemwe hapa hapa. Bei ya sikukuu ipo na watu wanaijua, kinachowaudhi ni kuikuta siku ya kuchukua nguo. Kama unapandisha, pandisha kwa oda mpya, aliyeshapewa bei yake abaki nayo hata kama uzi umepanda kesho yake.

Hatua ya 4: Kupokea oda, swali moja ulilokuwa huulizi

Fundi wengi wanauliza "unaitaka lini?" na mteja anajibu "kabla ya Krismasi". Hilo jibu halina faida yoyote. Uliza "unasafiri lini?" Kwa Dar hii, nusu ya wateja wako Krismasi hawapo mjini. Wa Rombo, Machame, Marangu wanaanza kuondoka kwenye tarehe 18 au 20, wengine wanawahi zaidi kwa sababu ya tiketi. Kwa hiyo kwa mtu anayepanda Moshi, Krismasi yake kwako ni siku anayopanda basi. Kenya ni vivyo hivyo, ukiwa Nairobi uliza anaenda ushago lini.

Ukishapata tarehe ya safari, rudi nyuma siku nne. Siku ya kwanza kati ya hizo nne ndo unayomwambia aje kujaribu, sio kuchukua. Ajaribu, aseme hapa panabana, urekebishe, achukue siku mbili kabla ya basi. Ukimwita siku ya mwisho na nguo ikabana kwapani hakuna pa kukimbilia.

Kwenye daftari mstari mmoja kwa kila oda: jina na namba, nguo ngapi, mshono gani (picha ya mshono isevu kwa jina lake, usitegemee kichwa), ya kujaribu lini, ya kuchukua lini, anasafiri lini, advansi, salio. Kitambaa chenyewe kibandikie karatasi ya jina kwa pini siku hiyohiyo kabla mteja hajatoka mlangoni. Vitenge vya sare vinafanana, unaweza kumkatia mtu kitambaa cha jirani yake mchana kweupe.

Halafu piga picha huo mstari wa daftari umtumie mteja. Mchezo mdogo lakini unaua ugomvi wote wa "mi nilikwambia mikono mirefu".

Advansi chukua, nusu ni haki. Asiyetaka kutoa hata kumi mwambie kwa heshima kwamba nafasi inashikwa kwa advansi. Lipa Namba ibandike ukutani na jina linalotokea mteja akilipa liandike kabisa hapo chini kwa kalamu nene. Msimu huu matapeli nao wako kazini, zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zinapata watu kwa sababu kila mtu ana fundi, ana mtu wa keki, ana mtu wa mbuzi anayemdai. Waambie wateja wako mapema: namba yetu haijabadilika, jina ni hili, ukitumiwa namba nyingine nipigie kwanza.

Hatua ya 5: Ukiona utachelewa

Utachelewa. Hata ukipiga hesabu vizuri vipi kuna nguo mbili tatu zitachelewa, kwa hiyo tujifunze kuchelewa kistaarabu.

Kanuni ni moja, wewe ndo uwe wa kwanza kusema. Mteja akikuuliza "fundi vipi gauni langu" ukamwambia bado, umeshakuwa mwongo hata kama umeme kweli ulikatika. Ukimtafuta wewe siku mbili kabla, sababu ileile inakubalika. Sijui kwa nini ila ndo watu tulivyo.

Kila jioni kabla ya kufunga angalia daftari oda za siku tatu zinazokuja. Ipo ambayo haijakatwa? Andika hivi:

"Mama Junior habari za jioni. Gauni lako nilikuahidi Alhamisi. Umeme umekatika siku mbili, Alhamisi halitakuwa tayari, naomba radhi. Jumamosi saa 6 mchana litakuwa tayari, na kwa kuwa unasafiri Jumapili nakuletea kwa boda, nauli juu yangu. Kama Jumamosi haikufai niambie sasa hivi tupange kingine."

Imetaja siku ya zamani, sababu kwa maneno machache, siku mpya na saa, kitu anachofanyiwa, na mlango wa kukataa. Usiandike "kesho kutwa hivi", usiandike "nitakucheki". Na hiyo Jumamosi ifike kweli, manake kuchelewa mara moja mtu anasamehe, mara ya pili anakuja na mumewe.

Kuzima simu ndo dhambi kubwa kuliko zote. Kama huwezi kushika simu huku unashona, weka jibu la otomatiki kwenye WhatsApp Business: "Niko kwenye mashine, najibu meseji zote saa 7 mchana na saa 1 usiku. Kama unasafiri leo au kesho piga simu." Halafu saa 7 ikifika ujibu kweli.

Na ikishindikana kabisa? Rudisha kitambaa na advansi yote siku hiyohiyo, usisubiri aombe, na mtafutie fundi mwenzio mwenye nafasi. Ndio, mpeleke kwa mshindani. Wengi wanaogopa hapo, lakini aliyemuokoa Krismasi yake ni wewe uliyempeleka.

Hatua ya 6: Mizigo ya mkoani

Wapo watakaoshindwa kusubiri watasema nitumie kwa basi. Sawa, ila Desemba mabasi yanabeba mizigo mpaka kwenye korido, kwa hiyo weka tarehe yako ya mwisho ya kutuma, mimi naona tarehe 20 inatosha, baada ya hapo mwambie mteja wazi kwamba sikuhakikishii.

Juu ya mfuko andika kwa maka peni jina kamili, namba mbili za simu (yake na ya ndugu aliye kulekule) na kituo cha kushukia. "Mama Neema, Moshi" haitoshi, kina mama Neema wako wangapi. Ukifika stendi ya mabasi ya Magufuli pale Mbezi, Dar, ukishakabidhi mzigo, piga picha ya mfuko, ya risiti na ya namba ya gari, tuma zote na namba ya ofisi ya basi. Nauli ya mzigo iseme kabla, nani analipa.

Hatua ya 7: Wanaodaiwa

Desemba utakuta mteja ana salio la Septemba na anataka nguo mpya. Dai, lakini dai mapema. Waajiri wengi wanalipa mshahara wa Desemba kabla ya Krismasi, maana yake kutoka hapo mpaka mshahara wa Januari ni zaidi ya mwezi, na katikati kuna ada na madaftari. Deni usilodai kufika tarehe 23 lihesabu la Machi.

Usidai kwenye status na usidai mbele ya watu dukani. "Dada, tuna ile 25,000 ya Septemba, tuimalize kwanza ndo nikate hii mpya, au tuigawe mara mbili?" Umempa njia ya kutokea. Mpya ya mkopo juu ya deni la zamani hapana, hata akiwa shemeji.

Hatua ya 8: Salamu, zawadi na picha

Hapa nitapita haraka. Salamu: "Heri ya sikukuu na mwaka mpya" inatosha kwa wote, Muislamu na Mkristo, na kwa kuwa mtaa wetu ni mchanganyiko huna haja ya kubahatisha dini ya mtu kwa jina. Aliyefiwa mwaka huu mtoe kwenye brodikasti, mpigie umpe pole na umtakie mwaka mwema. Video ya paka anayeimba Krismasi usitume.

Zawadi: kwa wale wa nyota tu. Mabaki ya kitenge chake mwenyewe yatoshe kilemba au pochi ya mtoto, mkabidhi siku anachukua nguo. Inagharimu nusu saa ya mashine na haitupwi kama kalenda ya kumi na moja.

Picha: usiposti mteja bila kumuomba, na watoto ndo kabisa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na jirani hapo Kenya mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliipiga klabu moja ya Nairobi faini ya Sh 1,850,000 ya kwao kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa. Muombe kwa meseji akujibu "sawa", ihifadhi. Anayekataa piga nguo ikiwa kwenye hanga.

Hatua ya 9: Siku zenyewe

Sema mapema unafunga lini na unafungua lini, weka kwenye wasifu wa WhatsApp na mlangoni. Tarehe 24 acha mtu mmoja na sindano na uzi, kuna zipu itakufa tu. Marekebisho ya siku hiyo fanya bure, hata ya nguo ambayo hukushona wewe kama ni dakika tano.

Hatua ya 10: Januari, ndo unavuna

Fundi wengi Januari wanalalamika hakuna biashara wakati sare za shule zipo. Mama anapochukua gauni lake Desemba muulize "watoto wanaenda darasa la ngapi, sare zipo sawa?" Mpime mtoto hapohapo, mlipane kidogokidogo, shule zikifunguliwa yeye hapangi foleni.

Wiki ya pili ya Januari pigia wote wa fungu la kwanza na wa nyota. Swali ni moja, "ile nguo ilikaaje?" Usiuze kitu. Akikwambia mkono ulibana, ailete urekebishe bure, na uandike kwenye vipimo vyake. Waliopewa tarehe ikapita, wapigie kabla ya wengine wote.

Halafu kaa na daftari uhesabu: zilipokelewa ngapi, ngapi zilitoka siku iliyoahidiwa, ngapi zilirudi. Ile 90 ya hatua ya 2 irekebishe kwa msimu unaokuja, ambao unaweza kuwa Idi. Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo tarehe ya mwaka jana usiitumie. Na Idi haisubiri mfungo wa 30: mwezi ukionekana usiku wa kuamkia hiyo siku, asubuhi watu wako msikitini na kanzu mpya. Tarehe zako za kuchukua nguo zihesabu kurudi nyuma kutoka mfungo wa 29, magauni na kanzu zote ziwe zimetoka mfungo wa 27, na wale wa Zanzibar na mikoani wa boti na mabasi ziwe zimetoka mfungo wa 24.